Joto la Mwisho la Pasi

Kwetu Wete, Jumamosi baada ya isha,
nguo za juma zima zilirundikwa kitandani
na mama, Bi Kazija binti Shaame,
akazipanga kama apangavyo wageni wa harusi:
nani atangulie, nani asubiri, nani akae nyuma.

Pasi ilichomekwa mara moja tu.
"Kuipasha ndiko kunakokula," alisema,
"kupiga si kitu."
Basi hukuwa na ruhusa, katikati ya juma,
kukumbuka shati.
Ulilolisahau ulilivaa na makunyanzi yake,
na mwalimu akikuuliza
ulimwambia unatoka kwa Bi Kazija.

Kwanza kanzu ya baba, ya Ijumaa, nzito,
ikinywa moto kama ardhi ya kiangazi.
Kisha suruali za Faki,
kisha shungi zetu nyeupe za skuli.
Halafu, nami nikiisubiri sauti hiyo,
tak! swichi ya ukutani.
Plagi imening'inia, pasi haina tena kwao,
na mama bado anapiga, sasa mbiombio,
anafukuzana na joto linaloondoka:
foronya, foronya, kitambaa cha meza,
leso ya mfukoni ya baba.

Na mwisho kabisa, pasi ikiwa vuguvugu
kama chai iliyosahauliwa,
mtandio wake yeye.

Nyumba yetu ilikuwa hivyo.
Mita ya tukuza juu ya mlango,
jicho jekundu, ikilia usiku kama kifaranga,
nasi tukizijua yuniti zilizobaki
kama tunavyoujua umri wetu.
Taa moja ya ukumbini ililisha vyumba viwili
kwa matundu ya juu ya ukuta;
hesabu nilizifanya mlangoni,
daftari kwenye mwanga, miguu gizani.
"Friji si sinema," alituambia,
"ukiifungua uwe ushajua unataka nini."
Maharage aliyaepua yakiwa bado magumu,
akaliviringisha sufuria blanketi kuukuu,
akalididimiza kapuni kati ya matambara.
"Mama kazika tena," Faki alicheka.
Adhuhuri yalifufuka laini,
hayakumdai mtu hata kijiti cha kuni.

Watu walisema: bakhili.
Nami, kwa miaka, nilinyamaza nikakubali.
Lakini bakhili hujibakishia kilicho kizuri.
Mama alijibakishia makunyanzi.

Sasa nakaa Unguja, Tomondo,
kwenye nyumba ya kiyoyozi na mageti.
Mwezi uliopita alikuja kutazamwa macho.
Siku ya kwanza alizima feni
iliyokuwa ikimpepea kochi.
Siku ya pili akaikuta chaja isiyo na simu,
imeng'ang'ania ukuta kama ndama,
akaichomoa, akaniwekea mkononi,
hakusema neno.
Macho yale, daktari alisema, yamepungua sana.
Vidoa vyekundu vya umeme yalikuwa yakiviona.

Asubuhi ya kurudi hospitali
niliuchukua mtandio wake wa zambarau,
ule wenye mkunjo begani
ulioota pale kama mshipa.
Nikachomeka pasi. Nikasubiri mpaka taa yake izime.
Sikutanguliza kitu kingine chochote.
Mvuke ukapanda, ukuta ukatoka jasho,
mkunjo ukakataa, ukakataa,
ukalala.

"Moto wote huo," alisema nyuma yangu,
"kwa mtandio?"

Sikuwa na jibu. Nilimtanda.
Akasimama kiooni muda mrefu,
akaupitisha mkono begani, mara mbili,
kama mtu anayepapasa jino lililong'olewa.
Kisha akainama, akaushika waya,
akaufuata kwa vidole mpaka ukutani.

Tak.

Akaweka kiganja karibu na bati la pasi.
"Ina joto bado hii," alisema.
"Hebu lete hilo buibui lako. Upesi."